Sinia la Zeituni

Baba yangu aliondoka asubuhi na jogoo kwapani, akarudi jioni na kopo. Sitii chumvi, ndivyo ilivyokuwa. Mama alimtuma sokoni ng'ambo ya mpaka, upande wa Zaire, akamuuze yule jogoo atuletee chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Jogoo mwenyewe alikuwa wangu, nimemlea tangu kifaranga, na nilikubali auzwe kwa sababu tulikuwa tumekula mboga isiyo na chumvi mpaka basi. Baba akashuka kwenye baiskeli ya kuazima, akafuta vumbi usoni, akatuwekea mbele yetu kopo kubwa la bati lililobonyea ubavuni.

"Sabuni iko wapi?" nikauliza.

"Sabuni!" akasema baba, akicheka peke yake. "Mutu analeta zeituni, wewe nauliza sabuni!"

Tulikuwa hatujakaa sana tangu turudi kutoka Sudan. Nyumba yetu ya Koboko tuliikuta imebaki kuta, mpapai umeota sebuleni, basi tukajibanza Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, kwenye kiwanja cha dada yake mama. Mama mkubwa alitupokea vizuri, Mungu amlipe, lakini miezi ilivyozidi kwenda ndivyo alivyozidi kufunga mlango wa ghala lake kwa kishindo. Alitaka jambo moja tu, baba apate kazi. Sisi sote tulilitaka hilohilo. Na baba alikuwa na ujuzi mmoja duniani, kupika, na mahali pamoja alipoufanyia kazi: mesi ya maofisa wa jeshi, mpaka mwaka wa sabini na tisa serikali ile ilipoanguka, tukakimbia na masufuria kichwani.

Sasa katika Arua ya miaka ile, mtu wa Koboko aliyetoka jeshini, hata kama kazi yake ilikuwa kukatakata vitunguu, alitazamwa kwa jicho baya. Watu walikuwa wamefiwa mikononi mwa jeshi lile. Baba alikwenda kuomba kazi hotelini, akaulizwa alikopikia, akajibu kifua mbele, "Mesi ya maofisa," akaambiwa nafasi imejaa. Akaenda shule moja ya bweni, yaleyale. Nikamwambia, baba, lazima uitaje hiyo mesi? Akanijibu, kwani yeye alikuwa anapikia porini? Hakuona. Haki ya Mungu, hakuona kabisa, na mimi nilikuwa karibu kupata wazimu.

Ndipo, wiki moja kabla ya lile kopo, tukasikia kwamba nyumba moja ya wageni mjini inatafuta mpishi. Ilikuwa ya mama mmoja wa Ayivu, mwenyeji wa Arua, mjane, ambaye kila mtu alimwita Madamu. Wageni wake walikuwa watu wa misaada na mainjinia wa barabara, wanaokaa barazani jioni na bia zao wakitafuna karanga. Madamu alitangaza kwamba kila anayetaka kazi alete kitu kimoja alichokitengeneza kwa mkono wake, aonje. Wengine walikuwa wakipeleka kuku, wengine samaki. Baba aliposikia habari ya zile karanga akasikitika kama aliyeambiwa msiba, na jioni ile ya kopo alikuwa bado akisikitika.

"Karanga! Mutu mzima nakaa na glasi, nakula karanga! Mimi napeleka zeituni."

"Baba, peleka kuku," nikamwambia. "Kuku kila mtu anamjua."

"Haya. Kuku iko wapi?"

Kuku wetu ndiye aliyegeuka kopo.

Alilifungua kwa kisu cha mama, akakipinda ncha. Ndani mlikuwa na vitunda vya kijani vinaogelea kwenye maji ya chumvi. Huko Zaire kulikuwa na Wagiriki wenye maduka, na vitu vyao vilipita mikono mingi mpaka vikaishia chini sokoni, kati ya viatu vya mitumba na samaki wakavu. Mama kwanza alifurahi. Zeituni! Tunda la baraka, tulilolisikia likitajwa msikitini tangu utotoni, leo limefika Pajulu lenyewe, tena kwa baiskeli. Akasema bismillahi, akatia moja mdomoni. Nilimwona uso ukikunjamana, akatazama huku na huku atafute pa kutemea, akaona aibu kulitema tunda la baraka, akalimeza na kokwa lake.

"Chungu," akasema alipopata pumzi. "Tena lina ladha ya bati."

"Bado," baba akasema. "Kwanza natoa chumvi. Halafu navalisha nguo. Hii kitu iko na heshima yake, wewe hapana kimbilia tu."

Nguo zenyewe zilikuwa vitunguu saumu, maganda ya limau, pilipili na mafuta. Lakini kabla ya nguo, bafu. Alipotaka kumwaga yale maji ya kopo mama akaruka na bakuli akayakinga, kwa sababu hiyo ndiyo chumvi pekee tuliyoipata kwa jogoo mzima, na wiki ile maharage yetu yote yalinuka kopo. Kisha zeituni zikatiwa kwenye chungu cha maji matamu, na maji hayo yakawa ya kubadilishwa asubuhi na jioni. Nani mteka maji? Mimi. Nashuka chemchemini, napanda kilima na debe kichwani, nafika nyumbani, baba ananyoosha mkono: lete. Binadamu wanaona kiu, yeye anaogesha matunda! Nikimwambia, ananiambia mesini hapakuwa na mtu wa kulalamika maji. Nikamwambia mesini palikuwa na bomba.

Baada ya bafu akakaa kwenye mkeka kuzigonga moja moja kwa jiwe, si kuzivunja, kuzitia ufa tu, ili nguo zipate kuingia. Alizigonga kwa upole ambao sisi watoto wake hatukuwahi kuuona. Jua likamkuta hapo, likamwacha hapo. Mama mkubwa akipita na jembe begani anatazama, anavuta mdomo, anaendelea na njia yake.

Halafu mama naye akaharibu. Sitaki kumsema vibaya, marehemu mama yangu, lakini aliharibu. Siku hiyo baba alikwenda Aroi kutafuta malimau, na nyuma yake wakaja wageni wa mama mkubwa kutoka Koboko, watu wazima wa heshima zao. Mboga haikutosha. Kwetu sisi kitu kigumu au kichungu hakimshindi mwanamke: unachuja maji ya majivu, unakichemsha humo mpaka kinalainika, unakitia odi, ule mkorogo wetu mzito wa karanga na simsim, basi kimekuwa mboga. Mama akatazama chungu cha zeituni, akaona ni nyingi. Akachota karibu nusu, akazitia kwenye maji ya majivu, akachochea moto.

Nyama yake yote iliyeyuka. Yakabaki makokwa yanazunguka kwenye odi ya rangi nisiyoweza kuisema wakati watu wanakula. Wageni wakala kwa adabu, kimya, wakitema pembeni. Mzee mmoja mstaarabu alitoa kokwa mdomoni, akaligeuza kwenye vidole, akauliza kwa upole huyu alikuwa mnyama gani.

Baba aliporudi akachungulia chungu, akachungulia sufuria, akakaa chini akatupa mgongo. Afadhali angefoka! Tangu hapo akawa haendi popote bila kile chungu. Anakwenda kuswali, kinamngoja mlangoni. Anakwenda chooni, kiko kwenye jiwe nje, kimefunikwa sahani. Watu wa Pajulu wakaanza kuniuliza baba yako amefunga nini mle, na mimi nikachoka kujibu.

Mama, kwa kutaka kusamehewa, akatoa mafuta yake ya lulu, yale meupe tunayokamua kwa mbegu za mti wa porini, ya kupikia na ya kujipaka mwilini. Akamwambia baba, mafuta ya Wagiriki hatuna, chukua haya, masafi kabisa. Baba akayapasha, akamimina, akachanganya na saumu na maganda ya limau, akafurahi. Usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi tukafunua chungu, zeituni hazionekani. Mafuta yameganda, meupe pe pe pe, nazo zimekwama ndani. Baba anajaribu kuingiza kijiko, kijiko kinasimama.

"Mafuta ya kujipaka!" nikapiga kelele. "Sasa Madamu atakula au atajipaka?"

Nilicheka kwa hasira, mama akalia, baba akaanza kuchimbua moja moja kwa kidole na kuziosha kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya nani? Yangu. Na siku ya kwenda kwa Madamu imefika shingoni.

Aliyetuokoa ni mama mkubwa. Alikuja na chupa ya mafuta ya simsim aliyoyakamua mwenyewe, akampa baba mkononi, akasema, "Shemeji, nimewavumilia. Hii kazi uipate." Ndivyo alivyosema, mbele ya sisi watoto. Baba akaipokea ile chupa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Tulijua sote kwamba akirudi mikono mitupu, tutaanza kufunga mizigo, na pa kwenda hapakuwa.

Kikabaki kitu kimoja. Maofisa walikuwa wakitaka zeituni zao zitiwe mvinyo kidogo. Mama akasema pombe haiingii kwenye nyumba hii. Baba akasema mkono wake uliigusa miaka yote hiyo, ulimi wake haukuigusa hata siku moja. Mama akasema basi na mkono upumzike. Baba akazunguka kiwanja akiwaza, kisha akaloweka ukwaju, akauchuja, akatia maji yake kidogo kidogo huku akionja na kufumba macho. Alipogeuka nikaiba moja, nipate la kumsema. Ilikuwa chungu kwa mbali, chachu kwa mbali, saumu inakuja mwisho, halafu unataka nyingine. Sikupata la kusema, nikazidi kukasirika.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumfundisha la kujibu. "Ukiulizwa ulijifunza wapi, sema Juba, kwa Mgiriki." Juba kweli alikaa, na duka la Mgiriki kweli alilibebea mizigo.

"Nidanganye?" akauliza.

"Si uongo wote, baba."

"Mimi mupishi. Mgiriki alinipa magunia, hapana sufuria."

"Baba!" nikamwambia. "Mesi ndiyo inayotufunga milango! Huoni? Watu hawataki kuisikia hiyo mesi! Unataka mama mkubwa atutoe nje ndio uone?"

Akaninunia hadi jioni. Mwishowe akasema, "Sawa. Juba. Mgiriki." Nikamrudisha na kumrudisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulijifunza wapi? Juba. Kwa nani? Mgiriki. Tukalala na matumaini.

Tulikwenda kwa miguu, yeye na sinia lililofunikwa kitambaa, mimi nyuma namkumbusha. Madamu alikuwa barazani, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, asiye na haraka. Baba akaomba aruhusiwe kuingia jikoni kidogo aandae, kisha alete mwenyewe. Nikasimama kando ya nguzo.

Akatokea. Jamani! Sijawahi kumwona baba yangu vile. Mgongo umenyooka, sinia limekaa juu ya vidole vya mkono wa kushoto, kitambaa cheupe kimelala mkononi, kila zeituni imechomwa njiti aliyoichonga mwenyewe kwa mwanzi. Alitembea bila sauti, akainama kidogo, akaliweka sinia mezani bila hata mlio. Yule mzee wa kubishana na mimi habari ya maji alikuwa amekwenda wapi?

Madamu akala moja. Akala nyingine.

"Umejifunza wapi?"

"Juba, Madamu. Kwa Mgiriki."

Amesema! Tena kwa utulivu, uso haukubadilika.

"Na hiki kichachu ni nini? Ukwaju?"

"Ndiyo, Madamu."

"Umejua kufikiri," akasema, akachukua ya tatu, na mimi moyoni nikaanza kumpelekea mama mkubwa habari. "Haya, ningoje jikoni, nitakuita."

Kama angegeuka akaenda zake kama watu wengine, tungepona. Lakini mesini humpi mtu wa mezani mgongo. Baba alirudi kinyumenyume, polepole, macho yakitazama chini, mpaka mlangoni. Hapo akagonganisha visigino, kishindo kikasikika kwenye saruji, na mdomo wake ukatoka na "Asante, afande!"

Nilitamani ile saruji ipasuke inimeze.

Madamu aliweka njiti chini. "Mgiriki gani wa Juba," akauliza taratibu, "alikufundisha kusema afande?"

Baba akanitazama mimi. Mimi! Kana kwamba mimi ndiye niliyegonganisha visigino. Kisha akamtazama yeye.

"Hapana Juba, Madamu. Mesi ya maofisa."

"Nilikula pale mara moja," akasema Madamu. "Mume wangu alialikwa, tukaenda wote. Alipita mtu na sinia la hizi. Mume wangu alizipenda, akachukua nyingi, nikamfinya chini ya meza nikiona aibu." Akaizungusha ile njiti mezani. "Wiki hiyohiyo walikuja nyumbani kumchukua. Walewale aliokula nao. Mwenye sinia ulikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi, Madamu. Sinia ilikuwa kazi yangu."

"Ulijua?"

"Mimi nilijua nani anakula. Nani atachukuliwa, hiyo mutu ya sinia hapana ambiwa."

Madamu alimtazama. Sikuona chuki usoni mwake, ningeiona ningejua la kufanya.

"Chakula chako hakina kosa," akasema. "Lakini siwezi kuamka kila siku nikukute jikoni kwangu. Usinione mbaya."

"Sioni mbaya, Madamu."

Ndipo akanigeukia, kama ndiyo kwanza ananiona. "Na huyu binti yako? Anajua kupika?"

Sijafungua mdomo, baba akajibu, "Huyu anajua yote. Na hii zeituni pia."

Uongo mtupu! Yeye aliyenisumbua siku nzima kwa sababu ya Mgiriki! Mimi nilijua kuteka maji na kugomba, basi.

"Aje kesho," akasema Madamu, akasimama, akaingia ndani.

Njia nzima ya kurudi Pajulu nilimgombeza. Afande ya nini? Nani alikuwa afande pale? Akasema, "Mguu ilifanya yenyewe." Nikamwambia mguu wake utatuua. Kisha nikalia barabarani, watu wa baiskeli wakinipita, nikilia kwa hasira ambayo sikujua nimpe nani, maana Madamu hakuwa na kosa, na baba yangu, kila nikimtafutia kosa, nilikuta sinia tu.

Kazi nikaifanya. Kuku, samaki, mchuzi, nilijifunza haraka. Lakini zeituni zilinishinda. Nikizifanya mimi, mara zina chumvi ya kukatia ulimi, mara zimekuwa butu kama sabuni. Kwa hiyo baba akawa anazitengeneza nyumbani, nami nazibeba kwenye chupa chini ya kisamvu, naziweka mezani kama zangu. Alinichosha! Limau umekata nene. Saumu umenunua kuukuu. Maji haya umeteka wapi? Na kila nikirudi jioni, hata sijavua viatu, "Wamekula?"

"Wamekula, baba."

"Na yeye?"

"Na yeye."

Hapo ndipo alipokubali kula yeye mwenyewe. Miaka ikapita hivyo. Tukapata nyumba ya kupanga mjini, tukatoka kwa mama mkubwa kwa amani. Baba hakukanyaga pale kwa Madamu hata siku moja. Mvua ikinyesha aliniletea mwavuli, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka nitoke. Na Madamu hakuniuliza chochote. Alikula, na wageni wake wakala, na wakati mwingine wageni wakishakwenda kulala alibaki barazani peke yake na kisahani, nami niliosha vyombo nikijisifu kwamba siri yetu imekaa vizuri.

Miaka ya tisini ilipoingia baba akaanza kukohoa. Akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Kopo lilikuwa limeshanunuliwa, likiwa limekaa tu, na wageni walikuwa wengi, basi nikazitengeneza mwenyewe. Nilifuata kila kitu. Nikaziogesha asubuhi na jioni bila kunung'unika, nikazigonga kwa jiwe lake, nikatia simsim, saumu, maganda membamba ya limau, maji ya ukwaju kidogo kidogo. Nikaonja nikaona hazina tofauti. Nikasema kweli, leo nimeweza, nitakwenda wodini nimwambie.

Nikapeleka sinia barazani. Madamu akachukua moja, akatafuna, akaacha kutafuna. Hakukunja uso wala hakutema. Alimeza, akalisogeza sinia pembeni kidogo, akanitazama.

"Baba yako anaumwa tangu lini?" akaniuliza.